Kipimo cha mwendo kiliharibika angani: kwa nini jeti iliyokuwa karibu na Tanga ilirudi KIA?

Mkazi wa Chumbageni

Habari za leo wanajukwaa. Ninafanya kazi hapa Tanga katika ofisi ambayo mara kwa mara hupokea wageni wanaokuja kuangalia shughuli za bandari na za Chongoleani. Kwa kuwa jeti zao hazitui hapa kwetu, sisi huwapokea Dar es Salaam, kisha tukawaleta kwa gari au kwa ndege ndogo ya propela. Katika masika yaliyopita wageni wetu waliondoka Nairobi kwa jeti ya kukodi yenye marubani wawili, nami nikawa ninaifuatilia kwenye simu. Ilipofika usawa wa Korogwe, ikiwa imekwisha kuanza kushuka, iliacha kushuka, ikazunguka mara kadhaa mahali pamoja, kisha ikageuka kurudi kaskazini hadi Uwanja wa Kilimanjaro (KIA), ambako ilitua salama.

Wageni walinieleza baadaye kwamba rubani aliwatangazia kuwa kipimo cha mwendo cha upande wake na kile cha mwenzake havikuwa vikisoma sawa, na kwamba hakutaka kuingia katika mvua ya Dar es Salaam akiwa katika hali hiyo. Hawakuona moshi wala kusikia mlio wa ajabu, na kahawa waliendelea kunywa. Hata hivyo mmoja wao amekasirika sana. Hoja yake ni kwamba ndege yenye hitilafu inapaswa kutua katika uwanja ulio karibu kuliko yote, na kwa pale walipokuwa, uwanja huo ulikuwa Tanga, au ikishindikana Zanzibar.

Mimi si mtu wa fani hii. Dereva ambaye kipimo chake cha mwendo kimekufa kati ya Segera na Chalinze huendelea na safari huku akitazama miti na magari ya wenzake. Sielewi kwa nini rubani alione jambo hilo kuwa zito kiasi cha kughairi safari, na kama lilikuwa zito kiasi hicho, sielewi kwa nini alikaa angani muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Ninaomba mnieleze, maana ofisini wananitaka niseme kama tuendelee kukodi ndege kwa wamiliki hao hao.

Rubani Mstaafu, Raskazone

Ndugu yangu, mfano wako wa dereva ni mzuri kwa sababu unaonyesha mahali hasa zinapoachana gari na ndege. Dereva hubebwa na barabara, na hata akiwa hajui anakwenda kasi gani, barabara itaendelea kumbeba. Ndege hubebwa na hewa inayopita juu ya mabawa, na kipimo cha mwendo kilicho mbele ya rubani hakimwambii anakwenda kasi gani juu ya ardhi ya Korogwe, bali kinamwambia ni hewa kiasi gani inayoyafikia mabawa yake. Hewa hiyo ikipungua mno, bawa hupoteza uwezo wa kuinua. Ikizidi mno, ndege huingia katika mtikisiko na mkazo ambao haikuundwa kuuhimili. Kadiri jeti inavyokuwa juu zaidi, ndivyo nafasi iliyopo kati ya mipaka hiyo miwili inavyozidi kuwa nyembamba, na ndani ya wingu hakuna mti wala gari la mwenzako la kutazama.

Mfano ambao kila rubani wa jeti amesomeshwa ni ule wa ndege ya Air France, safari namba 447, iliyoanguka katika Bahari ya Atlantiki tarehe 1 Juni 2009 ikitoka Rio de Janeiro kwenda Paris, wakafa watu wote 228. Chembe za barafu ziliziba mirija ya pito, yaani ile mirija midogo iliyoelekea mbele ambayo hupokea mgandamizo wa hewa na kutoa kipimo cha mwendo. Uchunguzi ulionyesha kwamba vipimo vilitofautiana kwa muda wa kama dakika moja tu. Barafu iliyeyuka na vipimo vikarudi, lakini katika muda huo mfupi rubani aliyeshika usukani alikuwa amekwisha kuinua pua ya ndege kupita kiasi, bawa likapoteza nguvu, na ndege haikuokolewa tena. Kwa hiyo kilichowaangusha si kihisi peke yake. Kihisi kiliharibika kwa muda mfupi, na kilichodumu ni namna mikono ilivyokipokea.

Tangu hapo mafunzo yamesisitiza jambo ambalo sisi wa zamani tulifundishwa pia, ila halikutiliwa mkazo wa kutosha: unapoona vipimo havikubaliani, unaiondoa otopailoti, yaani mtambo unaoiongoza ndege yenyewe, kwa sababu nayo inakula takwimu zile zile mbovu, unaiweka pua ya ndege katika pembe unayoijua, unaweka nguvu ya injini unayoijua, kisha unatulia. Kwa kila uzito na kila kimo kuna pembe na nguvu ambazo zikiwekwa pamoja, ndege itakwenda kwa mwendo salama hata kama vioo vyote vya mwendo vingefunikwa kwa kitambaa. Ndege ikishatulia ndipo unapolinganisha kipimo cha rubani mkuu, cha msaidizi na kile cha akiba, ukatazama pia kasi ya GPS huku ukiukadiria upepo, ili ujue ni kipi kati ya hivyo kinachosema uongo. Kuzunguka ulikokuona kwenye simu ndiko huko. Marubani walikuwa wakijinunulia muda wa kusoma orodha ya hatua, mmoja akisoma na mwenzake akirusha, mahali ambapo walikuwa na kimo cha kutosha na mafuta ya kutosha.

Sasa nije kwenye uwanja wetu. Usiidharau Milima ya Usambara katika hesabu hii, maana inapita mita 2,000 na huvikwa mawingu wakati wa masika, na rubani asiyeviamini vipimo vyake hana sababu ya kushuka gizani kandokando ya milima. Lakini hata angefika Tanga kwa usalama, barabara yetu ya kurukia ni ya ndege kama Cessna Caravan, na haifiki hata nusu ya ile ya KIA ambayo ina takriban kilomita 3.6. Kwa jeti za kukodi, kanuni iliyozoeleka wakati wa kupanga safari hudai kwamba ndege iweze kusimama ndani ya asilimia 60 ya barabara, na barabara ikiwa imelowa, urefu unaotakiwa huongezwa kwa asilimia 15. Jeti inayohitaji mita 800 kusimama hudai zaidi ya mita 1,300 penye ukavu na zaidi ya mita 1,500 penye maji. Katika dharura rubani hafungwi na kanuni hiyo ya kupanga, lakini mita zenyewe hazimwongezekei. Na mtu asiyeamini kipimo chake cha mwendo hutua kwa kasi zaidi makusudi, ili asijekosea upande wa hatari. Akizidisha mwendo kwa asilimia 10, nishati inayopaswa kuzimwa na breki huongezeka kwa asilimia 21. Mwambie mgeni wako kwamba kama rubani angemsikiliza, ofisi yako ingewafuata mwisho wa uwanja, ndani ya matope.

Jambo moja halikunipendeza katika maelezo yako, nalo ni kahawa. Vipimo vikishatofautiana, abiria wafunge mikanda na vikombe viondolewe, hata kama ndege imetulia kabisa. Nitalieleza zaidi mtu akiuliza.

Mwongoza Ndege wa Zamani

Shikamoo Kapteni. Ninakubaliana nawe katika hesabu ya barabara, ila swali la Zanzibar halijajibiwa, na ndilo lenye nguvu zaidi katika malalamiko ya mgeni. Zanzibar ina barabara inayopita kidogo kilomita tatu, ina zimamoto, ina idara ya uhamiaji, na kutoka Korogwe ni karibu kuliko KIA. Kama ni kilomita tu, mgeni ana haki.

Lakini mvua za masika zikishika Dar es Salaam, mara nyingi huwa zimeshika Mkondo wa Zanzibar pia, na anayepeleka ndege Zanzibar kwa kukimbia mvua ya Dar es Salaam huenda akaikuta imemtangulia. Bara, kuelekea Moshi na Arusha, anga inaweza kuwa wazi saa hiyo hiyo. Kwa rubani mwenye shaka ya mwendo, kuiona barabara kwa macho tangu mbali kuna thamani kuliko kilomita mia moja alizookoa, na hasa KIA, ambako Kilimanjaro yenye mita 5,895 iko upande mmoja na Meru yenye zaidi ya mita 4,500 iko upande mwingine, si mahali pa kwenda kubahatisha ndani ya wingu. Ninaamini wasingekwenda huko kama wasingeambiwa kwamba hali ya hewa ni safi.

Ningependa kuongeza jambo ambalo abiria wengi hawalijui. Watu hudhani kwamba rubani akipotewa na vipimo, sisi wa chini tunaweza kumsomea kila kitu kutoka kwenye rada. Kasi yake juu ya ardhi tunaiona kweli, kwa sababu rada hupima mahali alipo. Kimo chake hatukipimi: kile tunachokiona kimetumwa na transponda, yaani kifaa cha ndege yenyewe kinachoijibu rada, nayo imekichukua kutoka kwenye vihisi vile vile vya ndege. Tarehe 2 Oktoba 1996 ndege ya AeroPeru, safari namba 603, iliondoka Lima usiku ikiwa na utepe wa gundi juu ya matundu yake ya hewa tuli, yaani yale yanayovipa vipimo vya kimo na mwendo mgandamizo wa hewa ya nje, uliobandikwa wakati wa kuisafisha na kusahauliwa. Marubani walimwuliza mwongozaji kimo chao, naye akawasomea kwa nia njema futi 9,700, nao wakaona namba hiyo hiyo kwenye kioo chao, wakati bawa lilikuwa linakaribia kugusa maji. Walikufa watu 70. Kwa hiyo rubani anayetangaza tatizo la vihisi huwa tunampa anga tupu juu na chini yake, wala hatumpi mwendo wa kushika kama tunavyowapa wengine. Yeye naye akituambia mapema, kwa kutamka redioni PAN PAN mara tatu, tamko la tahadhari lililo chini ya Mayday, hata kama anajiona hana hatari kubwa, hutuondolea kazi ya kukisia.

Kwa jeti inayokuwa kati ya futi 29,000 na 41,000 kuna sababu nyingine tena ya kutuambia, maana huko ndege hupishana kwa futi 1,000 tu, na ruhusa ya kuwapo huko inategemea mifumo miwili ya kupima kimo inayokubaliana.

Fundi wa Ndege, Dar es Salaam

Nimesoma yote, na ninawaheshimu wazee wangu wawili, lakini naona sifa zote zimekwenda kwa marubani na hakuna aliyeuliza kwa nini kipimo kiliharibika. Kwa anayetaka kujua kama aendelee kukodi ndege hiyo, swali hilo ndilo kubwa kuliko la uwanja.

Watu wa pwani wakisikia mrija wa pito umeziba hukumbuka nyigu, na wana sababu. Nyigu wanaojenga kwa udongo hupenda tundu dogo lililo wazi, na mrija wa pito ni nyumba iliyokwisha kujengwa. Ndege ya Birgenair, safari namba 301, iliyoanguka karibu na Puerto Plata tarehe 6 Februari 1996 na kuua watu 189, ilikuwa imeegeshwa siku kadhaa bila vifuniko vya mirija, na wachunguzi waliona kwamba wadudu wa namna hiyo ndio waliokuwa chanzo chenye uwezekano mkubwa zaidi. Mrija ukizibwa wote, hewa iliyonaswa ndani hubaki vile vile wakati hewa ya nje inapungua, hivyo kipimo huonyesha mwendo unaopanda kadiri ndege inavyopanda, ingawa kwa kweli huenda inapunguza mwendo. Rubani mkuu wa Birgenair alionyeshwa kasi kubwa wakati ndege ilikuwa inakaribia kuishiwa kasi. Hapo Tanga, kwenye joto na chumvi ya bahari, ninawashauri wenye ndege ndogo wasiache mirija wazi hata kwa usiku mmoja.

Hata hivyo, sidhani kwamba nyigu wanahusika na jeti hii. Mrija ulioziba kabla ya safari hujionyesha kwenye barabara ya kurukia: marubani hulinganisha vipimo viwili wakati ndege inashika kasi, na kimoja kikikataa kupanda, wanasimama. Hawa waliondoka Nairobi bila shida, wakasafiri juu bila shida, tatizo likaanza waliposhuka kuingia mawinguni. Katika ukanda wetu maji huanza kuganda kwenye takriban futi 16,000, na juu ya hapo wingu la masika limejaa barafu. Mimi ningeanza kwa kuangalia kipasha joto cha mrija, kisha maji yaliyotuama ndani ya mabomba yanayoupeleka mgandamizo kwenye kompyuta ya data za hewa, kisha kompyuta yenyewe. Kama kipimo kilirudi chenyewe waliposhuka chini ya hapo wakikaribia KIA, basi kipasha joto ndicho mtuhumiwa wa kwanza.

Nimwulize Kapteni: ulisema utaeleza habari ya mikanda.

Rubani Mstaafu, Raskazone

Ahsante Fundi, na hesabu yako ya kipasha joto ninaikubali.

Tarehe 3 Machi 2023 jeti ya biashara aina ya Bombardier Challenger 300 ilikuwa ikitoka Keene, New Hampshire, kwenda Leesburg, Virginia. Taarifa ya awali ya wachunguzi wa Marekani ilieleza kwamba marubani walikatiza jaribio la kwanza la kuruka kwa sababu kifuniko cha mrija wa pito wa kulia kilikuwa hakijatolewa. Kikatolewa, wakaruka, ingawa kulikuwa na ujumbe wa hitilafu kuhusu kidhibiti cha usukani wa mkia. Wakiwa wanapanda, maonyo yakaja moja baada ya jingine, yakihusu otopailoti na mfumo unaosawazisha mkia. Wakafungua orodha ya hatua, wakazima swichi ya mfumo huo, otopailoti ikajitoa, na papo hapo pua ikainuka hadi kama digrii 11. Ndege ilipata mkazo wa mara 3.8 ya uzito wake, kisha ikaporomoka hadi hasi 2.3, kisha ikapanda tena hadi 4.2. Marubani walipoambiwa kwamba kuna abiria aliyeumia, walielekea Bradley, Connecticut, wakatua. Abiria huyo alifariki.

Ndege hiyo haikuanguka na haikuharibika kwa namna ambayo mtu wa kawaida angeiona akiwa nje. Aliyeuawa aliuawa ndani, katika sekunde chache ambazo otopailoti iliachia kile ilichokuwa imekishikilia. Ndiyo maana, kompyuta zinapobishana, mimi huona kila swichi inayobonyezwa kuwa inaweza kuirusha ndege juu au chini, na abiria anapaswa kuwa amefungwa kabla swichi haijaguswa. Marubani wa wageni wako walifanya vyema katika mambo makubwa, lakini hili waulizwe.

Mkazi wa Chumbageni

Nawashukuru sana, Kapteni na ndugu zangu. Sasa nimeelewa kwa nini Tanga haikufaa. Nina nyongeza moja: wenye ndege wanasema kwamba ilikaguliwa pale KIA, na kesho yake ikaendelea hadi Dar es Salaam ikiwa na marubani wale wale. Wageni wetu walikataa kuipanda, wakaja kwa ndege ya abiria. Sasa wenye ndege wametuletea ankara yenye gharama za kwenda KIA, mafuta na ada ya uwanja, na ofisi inabisha kulipa. Je, tudai nini kabla ya kuamua?

Fundi wa Ndege, Dar es Salaam

Ombeni nakala ya ukurasa wa kitabu cha ufundi cha ndege hiyo kwa siku ile. Kampuni isiyo na la kuficha haitasita kuwaonyesha. Mnatafuta mambo machache: hitilafu imeandikwa kwa maneno yake, yaani kipimo cha upande gani na katika kimo gani, kazi iliyofanyika imetajwa, na fundi mwenye leseni ametia sahihi. Mkikuta imeandikwa kwamba kipasha joto kilibadilishwa, au kwamba mabomba yalitolewa maji na mfumo ukapimwa kama unavuja, basi ndege ilitengenezwa, na mimi ningeipanda. Mkikuta imeandikwa tu kwamba ilikaguliwa na haikuonekana kasoro, kuweni waangalifu, kwa sababu kipasha joto chenye waya uliolegea kinaweza kufanya kazi vizuri juani pale KIA na kikafa tena kwenye barafu.

Inawezekana pia kwamba iliondoka ikiwa bado na kasoro, na kisheria ikawa sawa. Kila aina ya ndege ina orodha iliyoidhinishwa inayosema ni kifaa gani kinaweza kuwa kibovu na ndege ikaruka, na kwa masharti gani, kwa mfano kutoingia katika mawingu yenye barafu. Ulizeni kama ndivyo ilivyokuwa, na ni nani aliyehakikisha kwamba njia ya kwenda Dar es Salaam siku hiyo ilitimiza sharti hilo.

Rubani Mstaafu, Raskazone

Habari ya ankara inategemea mkataba wenu, na sijauona. Lakini nikiwa mtu niliyekaa kiti cha mbele nitasema hivi: rubani wa jeti ya kukodi anajua ni nani atakayelipia mafuta ya kwenda uwanja mwingine, na anajua kama mteja huyo ni mgomvi. Hapaswi kulifikiria hilo akiwa Korogwe na vioo viwili visivyokubaliana. Katika mkataba ujao andikeni kwamba uamuzi wa kubadili uwanja kwa sababu za usalama ni wa rubani peke yake, na kwamba ukitokana na hitilafu ya ndege gharama ni za mwenye ndege, na ukitokana na hali ya hewa ni zenu. Hapa vyote viwili vilikuwapo, kwa hiyo mimi ningewaambia mgawane, mkishaona ule ukurasa wa Fundi.

Na yule mgeni aliyekasirika, akija tena Tanga, mleteni Raskazone nimwonyeshe barabara yetu ya kurukia kwenye ramani.